Tuta Lililoipa Joto Mashine ya Ilemwe

Mgeni rasmi, Mhandisi Victoria, Mkurugenzi wa Mradi wa Umeme wa Zahanati za Milimani. Ndugu Mtendaji wetu wa Kata. Viongozi wetu wa dini. Akina mama mliokuja na watoto mgongoni. Wananchi wote wa Ilemwe:

Tunakusalimu ukiwa umekaa. Tunaomba uendelee kukaa hivyo hivyo mpaka risala ifike mwisho, maana huko mwisho tuna neno dogo kuhusu kiti.

Anayesoma ni Gaudiosa, katibu wa kikundi. Tukisema "sisi" tunamaanisha wanawake kumi na tisa na mwanamume mmoja, mzee Evaristi, mlinzi wa zahanati, ambaye aliingia kikundini kwa kosa tutakalolieleza. Waliokuzidi umri wanakukaribisha kwa mikono miwili. Sisi tuliobaki, shikamoo.

KUKARIBISHA

Karibu sana Ilemwe. Tumekuona uliposhuka kwenye gari ukiwa na koti moja tu, tena jepesi. Pole. Juni ya huku juu haina mzaha, na hata huko Sumbawanga mjini ulikolala ni afadhali. Nyasi ulizozikanyaga asubuhi zikilia chini ya viatu si kavu, ni umande ulioganda.

Tunaomba radhi kwa chai. Ratiba ilisema saa tatu, ukaipata saa nne na robo. Akina mama wa jikoni hawana kosa. Maji ya kwanza kuchemka yalihitajika mahali pengine kwa haraka, na utasikia ni wapi.

Kuna pia suala la harufu. Ninyi wageni mmekuwa na adabu, hakuna aliyeuliza, ila leso tumeziona. Tutafika hapo pia.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, ratiba inasema leo unazindua mashine. Tunashukuru. Kwa kumbukumbu tu, mashine hii imekuwa ikifanya kazi kwa miaka miwili na miezi mitatu.

Ilikuja baada ya mvua ya mawe kuvunja paneli zetu za jua. Wewe ni mtaalamu na unaijua kuliko sisi, lakini wapo wananchi hapa ambao wameiona mlangoni tu, kwa hiyo tunaieleza. Haina moshi wala kelele. Inakunywa methanoli kidogo kidogo kutoka kwenye dumu, inatoa umeme wa kuendesha friji ya chanjo na taa mbili, na kinachobaki ni hewa ya vuguvugu na maji yanayodondoka kupitia mpira mweusi nyuma yake. Wataalamu wanaiita seli ya mafuta. Hapa kijijini inaitwa Mlevi, kwa kuwa haigusi kitu isipokuwa spiriti, na haikawii kwenda haja ndogo. Tunaomba radhi kwa jina hilo. Tulijaribu kulizuia likatushinda.

Aliyekabidhiwa Mlevi ni mama Hilaria, mhudumu wa zahanati. Fundi wa mradi alimfundisha siku moja nzima, akamwachia ufunguo na kitabu. Kitabu kinasema mashine inavumilia hata baridi ya kugandisha maji, mradi ikae ndani ya sanduku lake la kutunza joto. Mashine ilifika. Kitabu kilifika. Sanduku liko njiani.

Juni ya kwanza ikaingia. Hilaria alikuwa Laela kwenye msiba wa shemeji yake, siku mbili tu. Jumamosi alfajiri maji yanayodondoka yakaganda kwenye mdomo wa ule mpira. Mlevi akishindwa kutoa maji, anajizima mwenyewe, kama mtoto mwenye mafua anavyoacha kunyonya. Hakuna aliyejua. Jumatatu Hilaria aliporudi na kufungua friji, kipimajoto kilikuwa kwenye nyuzi kumi na tisa, na chanjo mwisho wake ni nane.

Huko mjini huwa wanatuuliza, na baridi yote hiyo ya kwenu, friji ya nini? Jibu ni kwamba saa sita mchana jua la huku linachoma, bati la zahanati linawaka, na chanjo haijui kusubiri jioni ipoe. Chanjo zote zilikuwa zimeharibika.

Siku hiyo walikuwa wamekuja akina mama arobaini na sita. Ilibidi Hilaria atoke nje awaambie. Mmoja wao, Silvana, alikuwa ametembea toka ng'ambo ya bonde na mapacha wake, mmoja mbele mmoja nyuma. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mama, niwalete tena lini?"

Hilaria alituambia baadaye kwamba laiti angetukanwa ingekuwa nafuu.

Wiki mbili baadaye ikaja barua toka ofisi ya mradi. Ilisema chanjo zimeharibika kwa uzembe wa mhudumu, na uzembe huo ukijirudia ataondolewa kazini bila maelezo zaidi. Hatujui aliyeiandika amewahi kuishika mashine hii mara ngapi. Barua yenyewe iliandikwa vizuri sana.

MAFANIKIO

Tulikaa kikao. Hilaria alisema jambo moja: "Barua nimeipokea. Sitaki kumwona Silvana akirudi na wale watoto bila chanjo. Nisaidieni kufikiri."

Tukafikiri. Mafanikio yetu ya mwanzo hayakuwa mafanikio. Tuliifunika mashine blanketi mbili na kitambaa kizito cha kwaya, ikazimika ndani ya nusu saa, kumbe inavuta hewa kama mtu, na tulikuwa tumeiziba pua. Tukaufunga mpira kwa matambara, matambara yakalowa, yakaganda yote pamoja na mpira, tukawa na kitu kimoja kigumu chenye rangi nyingi.

Hapo ndipo mzee Evaristi naye alipoamua kusaidia bila kuuliza. Alileta jiko la mkaa, mkaa ukiwa umekolea vizuri, akaliweka hatua mbili kutoka kwenye dumu la methanoli. Hilaria alikuwa anatoka wodini. Mgeni rasmi, mama huyu ana miaka hamsini na mbili na goti moja bovu. Alikimbia, akalipiga lile jiko teke likaenda kuanguka kwenye mtaro.

"Mzee Evaristi! Unataka kutuzika wote siku moja?"

"Nimeona inasikia baridi, mama."

"Inasikia! Na wewe pua yako husikii spiriti?"

"Mimi nina mafua," akasema mzee.

Kwa kosa hilo aliingizwa kikundini na kupewa kazi ya kubeba samadi. Ameifanya tangu siku hiyo, na leo ndiye mwanachama wetu mwenye mahudhurio mazuri kuliko wote.

Wazo lenyewe Hilaria alilipata shambani kwake. Wewe si mwenyeji, kwa hiyo tunaeleza. Sisi Wafipa tangu zamani tunalima matuta ya duara, ntumba, kwa kukata nyasi, kuzifunika kwa udongo na kuziacha zioze humo ndani mpaka ziwe mbolea. Alikuwa anafukua tuta asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, akaingiza mkono kuona kama nyasi zimeiva. Mkono ukakutana na joto. Akauacha humo. Akaingiza na wa pili. Jirani yake alipomwona amepiga magoti muda mrefu akamwuliza kama pete imeanguka.

"Hapana," akasema Hilaria. "Nimepata sanduku."

Tulijenga siku ileile na ya pili yake. Nyasi mbichi, samadi ya ng'ombe, nyasi tena, udongo juu, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Mpira wa mashine tukaupitisha katikati ya tuta ndani ya mwanzi mnene, ukiinamia chini ili maji yateleze yenyewe. Mashine tukaiegemeza kwenye ubavu wa tuta, mbele tukaiachia nafasi ya kupumua. Siku ya tano Hilaria alichomeka kipimajoto cha zamani. Nje ilikuwa sifuri. Ndani ya tuta ilikuwa thelathini na nne. Alikitazama, akakifuta kwenye kanga, akakichomeka tena. Thelathini na nne.

Tangu hapo kila asubuhi ameandika kwenye daftari joto la nje na joto la ndani. Kila wiki ya tatu tunalifungua tuta na kulilisha nyasi mpya. Baridi ya mwaka juzi iliyobaki ilipita, ya mwaka jana ikapita yote, na haijaharibika chanjo hata moja. Mapacha wa Silvana wamemaliza chanjo zao. Wamo humu uwanjani, na ndio waliochukua maua yaliyokuwa mezani kwako. Tunaomba wasamehewe.

Juu ya tuta tulipanda maharage. Fundi wa mradi alipokuja kukagua mwaka jana, aliandika kwenye fomu yake "kinga ya baridi: ipo", akaondoka na kopo la maharage.

CHANGAMOTO

Ndugu Mtendaji aliipitia risala hii jana na akatushauri sehemu hii tuiondoe. Tumemtii kwa kadiri tulivyoweza. Tumeifupisha.

Mtendaji wetu si mtu mbaya. Alipewa orodha ya maandalizi, na namba nne ilisema malundo yote ya takataka yanayoonekana kutoka atakapokaa mgeni yaondolewe. Jumatano Hilaria alikuwa ameenda mjini kuchukua chanjo za kliniki ya Jumatatu hii. Alirudi alasiri kwa bodaboda toka Katandala mjini, kisanduku cha chanjo amekipakata mapajani. Alichokiona kwanza ni mawe yaliyopakwa chokaa. Kisha akaona uwanja umesawazishwa vizuri sana, umemwagwa kifusi, na vijana wanasimamisha turubai.

"Tuta langu liko wapi?" akauliza.

"Mama Hilaria, mgeni anakuja," akasema Mtendaji. "Tusingeweza kumkalisha mbele ya jalala."

"Mgeni anakuja siku moja, baba. Baridi inakaa miezi mitatu."

"Mgeni akiondoka utajenga jingine."

"Linachukua siku tano kushika joto. Na hizo siku tano?"

Mtendaji alitazama orodha yake. Suala hilo halikuwemo.

Hapo Hilaria alilia. Tunasema wazi kwa sababu hata siku ya barua hakulia mbele yetu. Alilia amesimama, kisanduku cha chanjo mkononi, kisha akaingia ndani akazipanga chanjo kwenye friji moja moja, akatoka na jembe.

Udongo wa tuta ulikuwa umetupwa nyuma ya choo. Aliuchimbua mpaka akakipata kiini, zile nyasi nyeusi za katikati zilizooza, na zilikuwa bado za moto. Alijaza viroba sita, akavifunika kwa magunia. Tukampendekezea avipeleke jikoni. Akakataa. Alisema vitakaa karibu na mashine, mahali pasipo na upepo, na mahali pa namna hiyo palikuwa pamoja tu, chini ya turubai. Kamati ya mapambo ilipofika jana jioni, ikavikuta, ikabishana naye, ikashindwa, ikaweka meza juu yake na kutandika kitambaa.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, kama tangu umekaa miguu yako imekuwa na joto kuliko mikono, hayo si mapokezi peke yake. Na harufu ndiyo hiyo.

Asubuhi tatu sasa tumeikuta barafu kwenye mpira. Alhamisi ilikuwa urefu wa kidole, jana kiganja, na leo ilikuwa inakaribia mashine yenyewe. Taa nyekundu iliwaka saa kumi na mbili na nusu. Maji ya chai yako ndiyo yaliyouzibua mpira. Fundi alishatuambia kwamba barafu ikipita mpira ikaingia ndani kwenye moyo wa mashine, ule moyo unapasuka, na hakuna wa kuutengeneza hapa nchini. Leo anga ni safi na upepo hakuna. Sisi tuliozaliwa huku tunajua maana yake.

Chanjo mia tatu zimo ndani ya friji. Barua ya Hilaria bado inasomeka vilevile.

MAOMBI

Tuna maombi manne.

Kwanza, lile sanduku. Likipatikana huko njiani, lipewe zahanati nyingine yenye shida. Sisi hatulihitaji. Tungependa tu kujua limefika wapi, kwa kuwa tumezoea kulisubiri.

La pili ni kitabu. Tumesikia mashine kama hii zitapelekwa zahanati nyingine kumi na moja za milimani. Tunaomba uongeze ukurasa mmoja wa tuta. Mchoro wa Hilaria na daftari la vipimo viko kwenye bahasha iliyo mkono wako wa kulia. Mchoro wa ng'ombe pembeni ni wa mzee Evaristi, unaweza kuuacha. Tunaomba pia iandikwe kwa herufi kubwa kwamba tuta ni kifaa, ili lisije likaondolewa tena kwa ajili ya mgeni mwingine.

Tatu, tunaomba iandikwe barua ya kuifuta ile barua. Hatuombi zawadi. Mama huyu ameilinda mashine yako kwa nyasi na kinyesi cha ng'ombe, huku anajua kwamba likitokea lolote kosa litakuwa lake na likienda vizuri hakuna atakayejua. Sisi tunajua, na inatuuma. Kwenye orodha ya leo ya watakaopewa mkono na mgeni rasmi wamo watu ishirini na sita, yeye hayumo.

La mwisho ni kiti.

Mgeni rasmi, kiti ulichokalia, meza, zulia jekundu na nguzo ya kati ya turubai vimesimama palepale lilipokuwa tuta. Kiini kilicho miguuni pako kimepoa kila siku. Leo alfajiri kilikuwa ishirini na saba. Kikizikwa mchana huu katikati ya nyasi mbichi na samadi mpya, Hilaria anasema kitashika kabla jua halijazama, hatutasubiri siku tano. Kikilala tena ndani ya viroba, kesho ni udongo tu.

Nyasi zimekatwa. Samadi iko kwenye mkokoteni wa mzee Evaristi, ule uliofunikwa bendera. Majembe uliyoyaona nyuma ya turubai, ambayo mpambe wako aliuliza kama ni ya ngoma, si ya ngoma.

Kwa heshima zote, tunakuomba usimame na usogee hatua nane kuelekea mlingoti. Sherehe itaendelea kule, hotuba yako tutaisikiliza yote, na kuna jua. Ukipenda kuzindua kitu leo, koleo la kwanza la udongo ni lako.

Hilaria hayupo hapa mbele. Yuko nyuma ya mashine, ameushika mpira kwa mikono miwili, na chupa ya maji ya moto iko kati ya magoti yake. Kutoka pale alipo haoni kitu, turubai limemziba. Tulimwuliza tutamjulishaje jibu lako. Akasema tusijisumbue, yeye atasikiliza viti.

Mungu akujalie safari njema ya kushuka mlima, akuepushe na mafua, na akuongezee koti la pili. Aibariki Ilemwe na watoto wa Jumatatu. Risala yetu imeishia hapa, na tunanyamaza ili asikie.

Ni sisi,
Kikundi cha Tuta,
Zahanati ya Ilemwe.